Kutu Imetoboa Sakafu ya Gari la Zamani: Kusoma Dalili Kabla ya Kuchomelea

Ukikuta tundu kwenye sakafu ya gari la zamani, swali la kwanza ni maji yameingilia wapi. La pili, yamelala wapi. Bati la kuzibia ni swali la tatu. Gereji nyingi huanza na hilo la tatu kwa kuwa ndilo linaloonekana na ndilo mwenye gari yuko tayari kulilipia. Masika ikipita, kutu inachungulia tena pembeni mwa kiraka, na lawama anabebeshwa fundi wa kuchomelea hata kama mshono wake ulikuwa mzuri.

Mwongozo huu ni kwa wenye Peugeot 404 na 504, Volkswagen Beetle, Datsun, Mercedes na Land Rover za zamani zinazotembea bado hapa Tanga. Haya ni magari yanayostahili kutunzwa. Injini ikifa inafunguliwa na kutengenezwa; bodi ikioza, gari linaishia uani likiota majani, na mara nyingi uozo wenyewe ulianza na tundu ambalo mtu angeliziba kwa siku moja.

Kwanza tujue kwa nini mji wetu ni mgumu kwa chuma. Kutu hutokea pale chuma, maji na hewa vinapokutana. Chumvi huiongezea kasi kwa njia mbili. Huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea kutoka sehemu moja ya bati kwenda nyingine. Njia ya pili ndiyo watu wasiyoijua: chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa unapofika kama asilimia 75, na usiku wa pwani huvuka hapo mara kwa mara. Maana yake ni kwamba kapeti lililowahi kunywa maji ya chumvi halikauki sawasawa tena. Mchana unaligusa unaliona kavu, usiku linaloa lenyewe bila tone la mvua kudondoka.

Chumvi hiyo huingia na mchanga wa ufuko wa Raskazone kwenye viatu, na ndoo za samaki kutoka mialo ya Deep Sea au Sahare, na upepo wa baharini. Tena huingia kwa kuoshea gari maji ya kisima chenye chumvi. Hili la kisima linasahaulika sana. Mtu anaosha gari kila Jumamosi kwa moyo mmoja, anamwaga maji mpaka ndani, na kumbe ndiyo anailisha kutu.

Kabla ya kusoma dalili yoyote, toa viti vya mbele, kapeti, na zile pedi za lami au sponji zilizolazwa chini yake. Sakafu inayokaguliwa kwa kuinua pembe moja ya kapeti bado haijakaguliwa. Tundu nyingi za ndani huliwa kutoka juu kwenda chini, chini ya pedi iliyoshika unyevu, wakati upande wa chini wa gari bado una lami nyeusi inayong'aa.

Kapeti limeloa, au gari linanuka uvundo

Jiulize jambo moja kabla ya kugusa chochote: maji yanaingia gari likiwa limesimama kwenye mvua, au likiwa linatembea kwenye barabara yenye maji? Likiloa limesimama, maji yanatoka juu: vioo, milango, matundu ya hewa. Likiloa likitembea tu, maji yanarushwa na magurudumu na kupenya kwenye tundu la upande wa matairi au kwenye kizibo cha sakafu kilichoanguka. Swali hili peke yake hupunguza kazi nusu nzima.

Kwa maji ya juu, mshukiwa mkuu ni mpira wa kioo cha mbele. Mpira wa miaka mingi hukakamaa kwa jua, hupasuka kwenye kona za chini, na maji hupita nyuma ya dashibodi yakiteremka kimya hadi miguuni. Ukiona alama ya kutu inashuka kama mstari kwenye ukuta ulio mbele ya miguu, ifuate kwenda juu na itakufikisha kwenye kona ya kioo. Kupaka silikoni juu ya mpira mkavu hakusaidii. Maji hupata njia nyingine, na silikoni yenyewe hushikilia unyevu dhidi ya bati, tena huja kumsumbua fundi rangi kwa sababu rangi haishiki mahali ilipowahi kugusa. Badilisha mpira. Kioo kikiwa nje, kagua ukingo wa bati unaoshika mpira, maana mara nyingi nao umeshatafunwa.

Mshukiwa wa pili ni yale matundu ya kuingizia hewa chini ya kioo cha mbele. Mvua inaruhusiwa kuingia pale. Imetengenezewa mkondo wa kutokea chini. Gari linalolala chini ya mwembe, mkungu au mwarobaini hujaza mkondo huo majani, majani yanaoza kuwa udongo, na maji yakikosa pa kutokea yanapanda hadi kumwagikia ndani. Mimina jagi moja la maji safi hapo juu na uangalie chini ya gari. Yasipotoka upesi pande zote mbili, umepata jibu. Zibua kwa waya laini na maji. Upepo wa kompresa wenye nguvu unaweza kuvunja bati lililokwisha dhoofu.

Milango nayo ina siri yake. Maji huingia ndani ya mlango kila mvua inyeshapo, yakiteleza na kioo, na gari limejengwa likijua hivyo: chini ya mlango kuna vitundu vya kuyatoa, na nyuma ya ubao wa mlango kuna nailoni inayoyazuia yasije ndani. Fundi wa kufuli au wa redio akiitoa nailoni ile asiirudishe, maji huteremka nyuma ya ubao na kutua kwenye sakafu. Ukifungua mlango na kusikia maji yakicheza tumboni mwake, vile vitundu vimeziba.

Namna ya kuthibitisha ni hii. Kausha sakafu kabisa. Paka poda ya watoto kwenye kuta za miguuni na pembezoni mwa sakafu. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira, bila presha, akianzia chini ya milango na kupanda polepole: milango, kisha matundu ya hewa, kisha kioo, mwisho paa. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yalipoingilia. Poda huchora njia ya maji waziwazi. Tumia maji ya bomba.

Na kumbuka kwamba tundu huwa pale maji yalipolala, mara nyingi mbali na yalipoingilia. Kama unaegesha gari kwenye mteremko, pua ikiwa chini, sakafu ya mbele ndiyo itakayooza hata kama uvujaji uko kioo cha nyuma.

Kumeloa na mvua haijanyesha

Hapa kuna mambo matatu. Gari la zamani lililofungwa kiyoyozi baadaye huwa na bomba dogo la kutoa maji yanayojikusanya kwa ubaridi wake. Likiziba au likichomoka, maji humwagikia ndani, kwa kawaida upande wa abiria. Maji hayo hayana rangi wala harufu.

Maji yenye utelezi, yenye rangi na harufu tamutamu, yanatoka kwenye hita. Wengi hapa hatuitumii hita na tunasahau kama ipo, lakini maji ya rejeta bado yanazunguka ndani yake. Usiyaonje, dawa ya rejeta ni sumu. Rekebisha uvujaji au unganisha mipira ili hita iachwe nje ya mzunguko.

Cha tatu ndicho cha kuogopa: majimaji miguuni kwa dereva, rangi ya sakafu imelainika na inabanduka kama ngozi ya kuungua. Hayo ni mafuta ya breki au ya klachi yanayovuja kutoka kwenye pampu iliyo karibu na pedali. Mafuta ya breki huyeyusha rangi, kisha bati linabaki uchi mbele ya unyevu. Acha kuendesha gari hadi breki zitengenezwe. Sakafu inaweza kusubiri.

Rangi imevimba, lakini tundu halionekani

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana rangi huinuka kama lengelenge na mishono ya bati hutanuka. Pasua malengelenge. Gonga sakafu nzima kwa mpini wa bisibisi, kila baada ya upana wa vidole viwili: bati zima hulia, bati bovu hutoa sauti iliyozimika. Kisha bonyeza kwa ncha ya bisibisi kwa nguvu. Wenye magari wengi huona uchungu hapa na kubonyeza kwa huruma, lakini bati linalopitwa na bisibisi mkononi mwako halingekaa hadi mwakani.

Ukipata kutu ya juujuu tu, isugue kwa brashi ya waya kwenye grenda, malizia kwa msasa, ioshe kwa maji safi ili chumvi itoke, ikaushe, na upake dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi. Dawa hii hugeuza kutu nyembamba kuwa tabaka jeusi linaloshika rangi. Juu ya kutu ya magamba haifanyi kazi: inageuza ganda la juu na kuuacha uozo ukiendelea chini yake. Kule kuosha kwa maji safi usikuruke. Watu huona ajabu kuosha chuma ambacho wametoka kukikausha, lakini chumvi iliyojificha kwenye vishimo vya kutu haiondoki kwa msasa, na ndiyo itakayoivimbisha rangi yako mpya.

Tundu liko chini ya betri

Kwenye Beetle betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na mahali pale huoza hata kwenye gari lisilovuja popote. Kilichotoboa ni asidi. Betri inayochajiwa kupita kiasi huchemka na kutema mvuke wa asidi, kwa hiyo pima chaji kwanza: gari la volti 12 likiwa linanguruma, betri isipite kama volti 14.5. Beetle za kabla ya modeli ya 1967 nyingi zilikuwa za volti 6, kwa hiyo hakikisha lako ni lipi kabla ya kupima.

Toa betri, nyunyiza magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji, subiri povu liishe, rudia hadi lisitoke tena, kisha suuza. Bila hatua hiyo rangi haitashika, na mshono wa kuchomelea utaliwa kutoka pembeni. Baada ya kuziba, kalisha betri kwenye trei ya plastiki na uifunge isicheze.

Tundu liko karibu na reli ya kiti, mkanda, jeki au mhimili wa mlango

Hapa hadhari ibadilike. Peugeot 404 na 504, kama magari mengi madogo ya zama zile, hayana chesisi ya kujitegemea. Sakafu na ile mihimili ya chini ya milango ndiyo mifupa ya gari. Tundu la ukubwa wa sarafu katikati ya sakafu ni tundu. Tundu la ukubwa uleule mahali kiti kinapofungwa ni kiti kitakachong'oka siku ya ajali.

Jaribio la mhimili ni rahisi. Gari likiwa mahali tambarare, fungua na kufunga mlango, usikie unavyoshika. Kisha inua gari kidogo kwa jeki mahali panaporuhusiwa, ufungue tena. Mlango ukianza kukwama au uwazi wake kwa juu ukibadilika, gari linapinda katikati, na kuoza kumeshafika kwenye mifupa. Jeki ikizama kwenye bati, usiendelee. Kazi hiyo inahitaji gari lifungwe kwa vyuma vya kulishika umbo kabla ya kukata chochote, na fundi bodi aliyezoea. Mtu akikuahidi kulimaliza kwa bati na puti jioni hiyohiyo, mshukuru na uende kwingine.

Beetle ni tofauti kidogo: sakafu yake ni kipande kinachofungwa kwenye bodi kwa safu ya bolti pembezoni, na mpira bapa katikati ya viwili hivyo. Mpira huo ukichakaa maji hupenya mzunguko mzima, na ndipo uozo hufuata ukingo wote kama pindo. Hapo kuchomelea viraka kumi ni kupoteza fedha. Nusu ya sakafu hubadilishwa nzima.

Land Rover ya zamani ina bodi ya alumini, lakini ukuta wa mbele, pamoja na sehemu za miguu, ni chuma. Vyuma viwili tofauti vikigusana penye chumvi na unyevu, kimoja huliwa, na hapa kinacholiwa ni alumini. Kwa sababu hiyohiyo, usizibe sakafu ya chuma kwa bati la alumini na ribiti.

Kiraka cha zamani kimeachia

Kichunguze kabla ya kukitupa, kwa sababu kitakueleza kosa lilipo. Kiraka kikiwa kizima na bati la pembeni ndilo limeliwa, fundi alichomelea kwenye bati lililokuwa limekwisha kuwa jembamba. Mshono ukiwa mzima na kiraka kimejaa vitundu, bati lilikuwa jembamba: mabati ya kuezekea ya geji 28 au 30 si ya sakafu ya gari. Tena yana zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku wake. Sakafu inataka bati la chuma jeusi la geji 20 hadi 18, yaani milimita 0.9 hadi 1.2. Bati la pipa la lita 200 mara nyingi lina unene unaofaa, lakini pipa lililowahi kuwa na petroli au thina usiliguse kwa grenda wala moto hata kama limekaa wazi mwaka mzima. Mvuke uliobaki hulipuka na watu wamekufa hivyo.

Ukikuta kutu katikati ya kiraka na sakafu, mahali vinapopandana, chuma kiliachwa uchi ndani ya mpandano na maji yakavutwa mle. Hili ndilo ninaloliona zaidi kuliko yote. Ukikuta faiba inayobanduka kama ganda, utomvu wake haukushika chuma. Faiba na chuma havitanuki na kusinyaa sawa kwa jua, mshiko ukaachia, maji yakaingia katikati. Faiba na ribiti vinaweza kuwa stara ya muda mahali pasipobeba uzito, ilimradi mwenye gari ajue ni stara. Puti yenyewe hunywa maji. Kazi yake ni kulainisha uso wa bati lililo zima.

Na ukikuta lami mbichi imepakwa juu ya kutu, ibandue yote. Lami juu ya chuma kikavu na safi ni kinga. Juu ya kutu yenye unyevu inaufungia ndani na kuuficha usionekane.

Kila ukichomelea, tundu linakua

Sababu ni tatu, na mara nyingi zote zipo pamoja: bati ni jembamba, moto ni mkubwa, chuma ni kichafu.

Kata hadi ufike chuma kinacholia vizuri. Tundu la ukubwa wa punje ya mahindi kwa kawaida huwa na duara la bati dhaifu linalolizunguka, upana wa kiganja, na vitundu vitatu vilivyokaribiana ni tundu moja kubwa. Kona za kipande unachokata ziwe za mviringo, kwa sababu kona kali hupasuka na hutanuka vibaya kwa joto. Chora kiraka kwenye karatasi ngumu kwanza, kisha uhamishie kwenye bati. Kama sakafu ina migongo ya kuitia nguvu, kiraka nacho kipewe mgongo kwa nyundo juu ya gogo au reli. Sakafu bapa hutetemeka na kulia.

Kiraka kinaweza kukaa usawa na sakafu, ukiacha uwazi wa kama milimita moja, au kupandana kwa sentimita moja hivi. Kukaa usawa ni bora, hakuachi mfuko wa maji, ila kunataka mkono mwepesi. Fundi wako akiwa na mashine ya fimbo tu, mpandano ni salama zaidi. Mashine ya waya na gesi, kwa waya wa milimita 0.6, ndiyo inayolifaa bati hili. Fimbo za milimita 2.5 zilizozoeleka kwa mageti ni nene mno. Tafuta za milimita 2 au chini yake, punguza moto, na jaribu kwanza kwenye kipande cha bati lenye unene uleule. Gesi ya oksijeni na asetilini hufanya mshono laini, lakini joto lake huenea na kuikunja sakafu.

Usivute mstari mrefu. Tia nukta moja, nenda upande wa pili utie nyingine, rudi katikati, kila mara ukiacha mahali papoe hadi pashikike kwa kidole. Nukta za kwanza ziachane sentimita tatu au nne, kisha jaza katikati yake. Kipande cha shaba kikishikizwa chini ya tundu hunyonya joto na chuma hakikigandi. Kama pembeni bado panaungua na kudondoka, usipambane napo: bati halijafika uzima. Kata zaidi.

Kuhusu moto, niwe mkali. Tenganisha betri na alteneta. Ondoa kapeti na viti vyote, si kuvikunja. Kwangua lami ya chini angalau upana wa shibiri kuzunguka kazi, kwa sababu inashika moto upande usioona. Jua paipu ya mafuta, paipu za breki na nyaya zinapita wapi; kwenye Beetle paipu ya petroli hupita ndani ya tuta la katikati ya sakafu, kwa hiyo tuta lile halichomelewi hivihivi. Mtu mmoja akae pembeni akiangalia chini ya gari, na ndoo ya maji na gunia lililoloa, na abaki hapo saa nzima baada ya nukta ya mwisho. Gari lisimame kwenye stendi. Jeki peke yake haitoshi, wala matofali ya saruji, ambayo hupasuka bila kutoa taarifa.

Rangi mpya inaanza kuonyesha madoa

Hapa Tanga chuma kilichosuguliwa asubuhi huanza kugeuka rangi kesho yake, na msimu wa mvua hata jioni hiyohiyo. Kwa hiyo panga kazi ili praima iingie siku ileile ya kusugua. Anza kupaka jua likishachomoza vizuri na umande umekauka. Ukipaka alfajiri au magharibi unafungia unyevu chini ya rangi. Wakati mzuri wa kazi nzima ni ukavu wa Januari na Februari, kabla masika haijafika.

Kama kiraka kimepandana, praima ya zinki inayovumilia kuchomelewa huingia katikati ya mpandano kabla ya nukta ya kwanza, na fundi afungue dirisha na kukaa upande unaotoka upepo. Baada ya kuchomelea, saga mshono, puliza vumbi litoke, paka praima ya epoksi juu na chini. Kisha ziba mishono kwa gundi ya mishono ya bodi inayobaki laini kama mpira. Hii ndiyo kalafati ya gari: kama jahazi linavyotiwa kalafati kati ya ubao na ubao na si ubaoni, gundi hii huenda kwenye mishono, pande zote mbili, juu ya praima iliyokauka. Ikipakwa juu ya chuma uchi, kutu hutambaa chini yake.

Halafu rangi, na baada ya rangi kukauka kwa siku kadhaa, lami ya chini au nta. Mimi hupenda nta kuliko lami, kwa sababu nta haifichi kitu. Kutu ikianza unaiona. Nta iliyo nyepesi inaweza pia kupuliziwa ndani ya mihimili iliyo kama maboksi, ambako brashi haifiki na uozo huanzia gizani. Mafuta machafu ya injini, ambayo wengi hupulizia chini ya gari, yana asidi na uchafu wa mwako, huharibu mipira ya sasipenshen, na hudondoka kwenye udongo unaolima mchicha wako. Usiyatumie.

Madoa yakitokea hata hivyo, yasome. Nukta ndogondogo nyingi zilizotawanyika ni chumvi iliyobaki chini ya rangi, na dawa yake ni kubandua, kuosha, na kurudia. Mstari unaofuata mshono ni gundi iliyokosa mahali. Doa moja linalokua upesi, lenye maji chini yake, ni uvujaji ambao bado haujapatikana, kwa hiyo rudi kwenye poda na mpira wa maji.

Kabla ya kurudisha kapeti, ling'oe kabisa na ulioshe kwa maji ya bomba mara mbili tatu hadi maji yatoke safi, kisha lianike juani siku nzima. Zile pedi za sponji zilizooza usizirudishe. Vizibo vya mpira vya sakafu virudi vyote mahali pake, vipya kama vya zamani vimekakamaa. Ndoo za samaki zipandishwe kwenye beseni la plastiki lenye kingo. Na wiki mbili za kwanza za mvua, liache kapeti nyumbani, ufungue mlango kila asubuhi na upitishe kiganja kwenye bati.